Chumba cha Pili cha Mzee Mamuya

Sogeeni hapa. Anayetaka kusinzia na asinzie sasa hivi, maana nikimaliza nitamuuliza kila mtu swali, na mimi sipendi kujibiwa kwa miayo.

Walikuwapo wapagazi watatu wa Mlima Kilimanjaro, kila mmoja na ujuzi wake.

Ulomi alijua vyombo. Alilelewa na watu, leo kwa shangazi, kesho kwa mjomba, na mtoto wa kuhamishwahamishwa hujifunza kubeba vichache. Akiishika sufuria mkononi tu, anakwambia kama itafika kileleni au itakuua njiani.

Foya alijua moto. Tangu mke wake afariki hakuweza kulala mikono mitupu, kwa hiyo mlimani alilala amekumbatia mtungi mdogo wa gesi ndani ya blanketi. Wenzake walimcheka sana. Lakini gesi ikipigwa na baridi kali hugoma kuwaka, na gesi ya Foya haikuwahi kugoma.

Ndeshi, mwanamke pekee kati yao, alijua maji. Alipanga chumba peke yake mjini, na aliwahi kuugua humo bila mtu wa kumletea hata kikombe kimoja. Tangu hapo hamalizi maji ya chupa yake. Funda la mwisho huliacha, hata kiu imkabe vipi.

Basi, siku moja watatu hawa walitangulia na kiongozi wao, Mzee Mamuya, kutayarisha kambi ya juu kwenye theluji. Kabla ya kuondoka, mzee alitaka ibebwe sufuria yake nene ya chuma.

"Hiyo yako nyembamba ni ya kuchezea watoto," alimwambia Ulomi.

"Mzee wangu, hiyo ya chuma tutaitua msituni, na hatutarudi kuichukua."

Ulomi akabeba ile ya alumini, nyepesi, yenye mfuniko wa kubana vizuri. Mzee akanuna njia nzima.

Huko juu, Mzee Mamuya alikanyaga barafu akateleza. Mguu ukateguka, na dumu la maji alilobeba likapasuka, maji yote yakamwagika. Kabla hawajamfunga mguu, ukungu ukashuka, mzito, mtu haoni kiatu chake mwenyewe. Kumbeba mzee kwenye miteremko ile ilikuwa ni kumtupa. Ikabidi wangoje. Mzee akaanza kutetemeka, midomo imepasuka, maneno yanamtoka kwa shida. Theluji imewazunguka pande zote, na hakuna tone la kunywa.

"Si ale theluji?" aliuliza Foya.

"Itampoza mpaka ndani," alisema Ndeshi. "Anahitaji kitu cha moto."

Foya akatoa mtungi kifuani. Ukawaka mara moja. Upepo ulikuwa mkali, kwa hiyo alikaa ameupa mgongo ili kuukinga moto, na hakuondoka pale mpaka mgongo ukafa ganzi. Gesi hiyo ndiyo pekee iliyokuwa imebaki.

Ulomi akajaza theluji kwenye sufuria, akaishindilia. Punde wakasikia harufu ya kuungua. Theluji ile kavu ilikuwa inafyonza maji yake yenyewe, kama mkate unavyofyonza chai, na chini sufuria ilikuwa tupu inaungua.

"Nilisema mimi!" alinong'ona mzee. Mtu yuko hoi na bado analaumu. "Ya chuma isingeungua."

Kweli, isingeungua upesi. Lakini ya chuma isingefika pale.

Ndeshi akatoa chupa yake ndani ya koti. Funda moja.

"Mpe mzee anywe," alisema Foya.

"Akinywa hili, hakuna jingine. Theluji huanzishwa kwa maji."

Ndeshi mwenyewe alikuwa hajanywa chochote tangu asubuhi. Akalimimina funda lile kwenye sufuria, akalisikia linachemka, kisha akatia theluji kidogo kidogo na kufunika. Ikayeyuka. Mzee akanywa maji ya moto kikombe baada ya kikombe, macho yakarudi kuwa macho. Ukungu ulipoondoka, wakambeba kwa zamu hadi chini.

Mguu ulipopona, Mzee Mamuya aliwaita nyumbani kwake. Ni mjane, watoto wake wako mbali na simu zao zimekuwa za nadra.

"Nina chumba cha pili," alisema. "Kina mlango wake na kitanda kimoja. Sitaki mpangaji. Nataka mtu mmoja atakayeamka asubuhi aniulize nimelalaje, nami nimuulize. Huyo atakuwa mwanangu."

"Ni nani basi, mzee?" aliuliza Foya.

"Nimejaribu kuchagua, nimeshindwa. Semeni wenyewe."

"Bila sufuria yangu mngeyeyushia theluji viganjani?" alisema Ulomi.

"Na bila moto wangu ingeyeyuka kwa kuombewa?" alisema Foya.

"Bila funda langu mngemnywesha moshi," alisema Ndeshi.

Wakacheka wote. Lakini kila mmoja alikuwa na neno moja alilolionea haya: nimechoka kuishi peke yangu.

Msiniambie wahamie wote. Chumba nimekiona, ukigeuka unagonga ukuta. Wala msiniambie Ndeshi ni mwanamke, watu watasema. Watu husema hata ukiwa umelala kwako. Yeyote mtakayemtaja, wawili watateremka na mizigo yao, kila mmoja kwenye chumba chake, na kesho asubuhi hakuna atakayewauliza wamelalaje.

Wako mlangoni hivi sasa. Mzee ameshika ufunguo.

Je, wewe ungempa nani? Na wale wawili, ungewatazama usoni ukawaambia nini?