Mbio za Kuuwania Mvule

Hapo zamani, kabla mlio wa injini haujasikika katika Ziwa Nyanza, palikuwa na kisiwa ambacho wagonjwa wake walivushwa kwa makafi hadi kwa mganga wa bara. Wengine hawakufika. Mama yake Nyanjura alikata roho mapajani mwa bintiye, ufuko wa bara ukiwa umeshaonekana.

Nyanjura akachonga mtumbwi. Akauchonga mrefu, akauchonga mwembamba, wa mpiga kafi mmoja na mgonjwa mmoja aliyelala. Akajifua nao kila alfajiri mpaka viganja vikaota sugu. Lakini mti wake ulikuwa laini, usingedumu.

Mvule, mti mgumu wa kudumu majini, ulikuwa mmoja tu kisiwani, mali ya Bibi Nyabweke. Bibi akasema atautoa uchongwe chombo cha wagonjwa, ila kwa mashindano. "Chombo kitakachogusa mchanga wa bara kwanza," akasema, "mwenyewe ndiye atakayepewa mvule, achonge kingine cha mfano wake."

Wakajitokeza watatu. Manyama alikuja na chombo cha fito na ngozi, chepesi, cha mtu mmoja, jamii ya hizi tunazoziita kayaki. Mafuru alikuja na mtumbwi wa mbao, mpana, wa wapiga makafi wanane. Wa tatu alikuwa Nyanjura.

Wakang'oa nanga. Manyama akatangulia, Nyanjura akafuata, Mafuru akabaki nyuma. Katikati ya maji upepo ukavuma kutoka kisiwani, mawimbi yakainuka, na chombo cha Manyama kikapinduka.

Nyanjura alimwona akitapatapa. Akauona na mchanga wa bara. Aliutaka mvule ule kuliko kitu chochote, lakini akageuza mtumbwi kumfuata. Hakuweza kumpakia, mtumbwi ungezama. Akamwambia ashike tezi, nyuma ya mtumbwi, akamburuta, kafi baada ya kafi, mabega yakiwaka moto.

Mafuru akawafikia. Angeweza kupita, lakini hakupita. "Mlete huku, dada," akasema, na watu wake wakampandisha Manyama.

Hapo Nyanjura akainama juu ya kafi, akapiga kama anayegombana na ziwa. Akawaacha Mafuru na watu wake. Akagusa mchanga, akainua uso, na mbele yake akakiona chombo cha Manyama. Kilikuwa kimelala ufukoni tumbo juu, kimesukumwa na upepo, kitupu.

Mafuru naye akafika, wa mwisho.

Manyama akamgeukia Bibi Nyabweke, aliyevuka mapema kuwangoja ufukoni, akasema, "Bibi, ulitaja chombo, hukutaja mtu. Changu kimefika kwanza. Nikikichonga kwa mvule, kirefu zaidi, kitabeba mgonjwa na hakuna kitakachokikamata."

Mafuru akasema kwamba chombo ni cha wagonjwa, na siku ile aliyeshindwa kujiokoa aliletwa bara na mtumbwi wake, si mwingine. "Wa kwangu unachelewa," akasema, "lakini unafikisha."

Nyanjura alikuwa bado anahema. "Mimi ni mtu wa kwanza kufika," akasema. "Nisingegeuza, Manyama asingekuwa hapa kudai. Na mama yangu alipandishwa mtumbwi mpana kama huo. Ulitulia, haukuyumba hata kidogo, naye akafia humo."

Bibi Nyabweke akawatazama mmoja mmoja. Mvule ni mmoja, na ukishakatwa umekatwa.

Haya, nyinyi mliosikia: nani alistahili kupewa mvule?