Sifuri ya Fundi Hodari

Ndugu zangu, aliyesinzia aguswe na jirani yake, maana leo nimewaletea fundi umeme.

Fundi huyu alikuwa hodari, na alijijua kuwa hodari. Hapo ndipo penye kazi. Asubuhi moja akaitwa na mama mwenye mashine ya kusaga. Mashine imegoma, madebe ya mahindi yamepanga foleni hadi barabarani. Fundi akafungua kisanduku cha swichi, akatoa kipimo chake cha umeme, kile chenye kioo cha namba, akagusisha ncha nyekundu huku, nyeusi kule. Kioo kikaonyesha sifuri.

"Mama, hapa umeme hakuna. Waya umekufa," akasema, akipandisha mikono ya shati tayari kuushika.

"Umekufa? Na hiyo taa juu ya kichwa chako inawashwa na nani?"

Fundi akacheka. Moyoni akasema, unga na umeme wapi na wapi! "Taa ina njia yake, mama. Kipimo hakidanganyi."

"Haya, basi nipimie na soketi ile. Simu yangu inachaji pale sasa hivi."

Akapima ili amnyamazishe tu. Sifuri! Akaitazama simu: inachaji. Akakitazama kioo: sifuri. Lo! Jasho likamtoka. Akaupapasa waya mwekundu wa kipimo, akaukuta umekatika ndani kwa ndani. Akaazima kipimo kingine, akarudi kwenye kisanduku. Volti mia mbili thelathini na nane! Waya ule ulikuwa na umeme, na mkono wake ulikuwa umebakiza shubiri moja tu kuufikia.

Akaketi juu ya gunia.

Mama akamuuliza taratibu, "Na friji ya wifi yangu, ile uliyosema juzi imekufa, naye akaiuza kama chuma chakavu, uliipimia kipimo gani?"

Fundi akakitazama kile kipimo chake kibovu.

Kila fundi hufundishwa: kabla ya kupima usipopajua, kipime kwanza kipimo chako pale unapojua umeme upo. Huyu aliona hayo ni ya wanagenzi, wale wanaoanza kujifunza kazi.

Sisi je? Yule mkwe uliyesema hana imani, ulimpimia nini? Yule jirani uliyemtupa, je, umewahukumu vibaya wangapi kama yeye? Kesho, kabla hujafungua mdomo juu ya mtu, jipime kwanza pale unapojua Mungu yupo, kwenye sala. Ukisoma sifuri hata hapo, moyo usihisi chochote, mwache jirani yako. Aliyekatika ni wewe.