Kwa Nini Bahari ya Porz-Aval Haikai

Zamani, kabla mtu yeyote hajafikiria kuvaa saa mkononi, bahari ilijua njia moja tu, nayo ni ya kuja. Kurudi haikujua. Ikishapiga hatua, imepiga. Ilipokanyaga ndipo ilipohamia. Nyinyi mliosoma mtaleta habari za mwezi, kwamba ndio unaovuta maji. Haya, mwezi wenu uvuteni wenyewe. Mimi nasema habari za Porz-Aval, mji wa Wabretoni, kule magharibi mwa Ufaransa ambako nchi kavu imechomoza baharini kama kidevu cha mtu mbishi.

Wakati huo Porz-Aval haikuwa na ufuko. Hapakuwa na mchanga hata wa kujaza kiatu. Kila mwaka baridi ikianza kupungua, bahari ilipiga hatua moja mbele, na hatua ya bahari si kama yangu na yako: ilimeza nyumba nzima na banda la kuku juu yake. Watu wakabeba vyungu, wakahamia juu kidogo. Mwaka uliofuata wakahama tena. Mwisho likabaki shamba moja la mitufaha, lenye ukuta wa mawe unaofika kiunoni, na nyuma ya shamba jabali tupu ambalo hata mbuzi alikuwa analiangalia mara mbili. Mji mzima ulijibana humo katikati ya miti. Chumvi ikifika kwenye mizizi, miti inakufa, na miti ikifa hakuna tena cha kula wala pa kuhamia.

Kilichowaokoa ni pombe. Matufaha ya pale ukiyauma yanakukunja uso kama umetukanwa. Lakini ukiyaponda, ukayapanga matabaka na majani makavu ya ngano, ukayakamua na kuyaacha maji yake yachachuke ndani ya pipa mpaka baridi iishe, unapata kinywaji ambacho wenyewe wanakiita sistr. Mwaka mmoja pipa liliteleza likaangukia majini. Bahari ikanywa, ikasinzia, ikasahau kupiga hatua. Wazee hawakulaza damu. Wakapatana nayo: kila mwaka, pombe ikishatulia, itakuja ukutani kama mgeni, itapewa pipa moja, itakunywa, italala mpaka mwaka mwingine.

Shamba lenyewe lilikuwa la Rozenn, msichana wa miaka ishirini na mbili aliyeachiwa na baba yake. Mikono yake ilikuwa na kasi, mdomo ulikuwa na kasi zaidi. Aliyemfundisha kazi ni mzee Jakez, fundi wa mapipa, aliyekuwa na goti moja bovu na masikio mazuri kuliko ya popo. Mwaka wa mambo haya ndio kwanza Rozenn alikamua peke yake. Wiki haijaisha tangu maji yaingie pipani, akapanda juu ya ukuta na kuanza kujisifu. Akasema kikombe kimoja cha pombe yake kitailaza bahari miaka saba. Akasema pombe ya Jakez ya mwaka jana ilifaa kuoshea miguu, tena miguu ya mtu usiyempenda. Watu wakacheka, hata Jakez akacheka kidogo, kisha akamwomba ashushe sauti, maana upepo wa siku hiyo ulikuwa unatoka bara kwenda baharini. Rozenn akamwambia upepo nao uende ukapeleke habari.

Ukapeleka.

Siku ya tatu asubuhi, miezi mitatu kabla ya wakati wake, bahari ilikuwa imesimama ukutani. Haikupiga kelele. Ilikuwa imetulia tu, imejaa mpaka ukingoni mwa mawe, na hiyo ndiyo iliyowatisha watu. Ikasema imesikia kuna pombe ya miaka saba, imekuja kuinywa, itasubiri mpaka jua liwe utosini. Jakez akajaribu kuieleza kwamba mapatano ni mwisho wa baridi. Bahari ikamjibu kwamba mwenyeji akitangaza chakula barabarani, asishangae mgeni akija na njaa. Jua likifika utosini bila pipa, itapiga hatua yake.

Wote wakamgeukia Rozenn. Macho yao yalitosha kumlaumu.

Ghalani kulikuwa na pipa moja la kutosha heshima ya bahari, nalo lilikuwa bado linaimba. Wenye kazi ndivyo wanavyosema: pombe ikichachuka, pipa huimba, ssss, ssss, na povu hutoka tunduni. Sheria ya kwanza aliyofundishwa Rozenn, kabla hata ya kushika nyundo, ni kwamba pipa linaloimba halizibwi. Tundu lake unalifunika kwa jani tu, unalisubiri linyamaze lenyewe. Lakini bahari ikisikia linaimba si itajua ni pombe changa, ya siku tisa, na kwamba ile miaka saba ilikuwa domo? Rozenn akafunga mlango wa ghala. Akachukua kizibo, akachukua nyundo ya mti, akagonga mara tano. Pipa likanyamaza. Akashusha pumzi, akalibingirisha nje kwenye jua.

Walilishusha watu wanne kwenye njia ya mawe iendayo ukutani. Jua lilikuwa limebakiza kidogo. Katikati ya njia Rozenn akasikia, chini ya viganja vyake, mbao za pipa zikivimba. Chuma kilicholifunga kiunoni kikatoa mlio mwembamba, kama panya aliyebanwa mlangoni. Akamtazama Jakez. Mzee alikuwa ameshasikia. Aliwagusa wale wengine mmoja mmoja begani na kuwarudisha nyuma, mpaka wakabaki wao wawili na pipa.

"Umeliziba," Jakez akasema.

"Nimeliziba, babu."

Kuking'oa kizibo hapo kungerusha pombe yote hewani, bahari ingebaki na pipa tupu na sababu ya kupanda. Kuliacha hivyo, lingewapasukia usoni. Rozenn akapima kwa macho: hatua sita mpaka majini. Akamwambia Jakez arudi nyuma. Mzee akakataa, akasema goti lake haliwezi kwenda na kurudi, basi bora liende tu. Wakasukuma. Mlio ukawa mkubwa. Chuma kimoja kikakatika, kikaruka, kikaanguka majini, na bahari ikauliza ni kitu gani hicho.

Hapo Rozenn alifanya jambo ambalo mji wote haukuwahi kumwona akilifanya. Akasema ukweli.

"Mgeni wetu, usiimeze. Haijaiva. Nilijisifu, haina hata siku kumi."

Bahari ikacheka mpaka mawe ya ukuta yakagongana. "Binti, siku tatu nzima umenitangazia utamu wake. Leo nimefika, unaninyima?"

Ikanyosha ulimi, ikalibeba pipa lote na kizibo chake, ikalimeza.

Ndege walinyamaza. Rozenn akamshika Jakez mkono, akahesabu pumzi: moja, mbili, tatu. Ya saba haikufika.

Mlipuko haukusikika masikioni, ulisikika nyayoni. Tumbo la bahari liliinuka kama mkate tanurini, kisha ikapiga mbweu moja iliyoangusha matufaha yote yaliyosahaulika mitini. Ikashika tumbo, ikageuka, na kwa mara ya kwanza tangu iwe bahari, ikarudi nyuma. Haikutembea, ilikimbia. Ilikimbia mpaka ikawa mstari mwembamba kule mbali, ikaacha nyuma yake mchanga mweupe, mpana, unaong'aa, ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Watu wakaruka ukuta. Mimi na wewe tungeruka. Walikanyaga mchanga kwa vidole, wakaucheka. Jakez akaenda mbali kuliko wote, akichechemea, mpaka alipokuta jiwe la mlango wa nyumba alikozaliwa. Akakaa juu yake.

Ndipo Rozenn, aliyebaki ukutani, akauona ule mstari ukinenepa. Bahari ilikuwa inarudi, kwa hasira na aibu, mwendo wa farasi. Akapiga ukelele, watu wakakimbilia ukutani, ila Jakez hakuwa na goti la kukimbia. Rozenn akashuka. Alipomfikia, maji yalikuwa magotini. Alipombeba mgongoni, kiunoni. Alipofika ukutani na kumrusha juu kama gunia la matufaha, yeye mwenyewe yalikuwa yamemfika kifuani. Walimvuta kwa nywele. Mzee akakohoa maji, akamwambia pombe yake ile, kwa kweli, ilikuwa kali.

Na tangu siku hiyo, Porz-Aval ina ufuko, na watu huja kutoka mbali kulala juu ya mchanga wake, na mwenyeji humtajia mgeni saa ya maji kurudi kabla hajamtajia jina lake. Pombe yao hawaizibi mpaka pipa linyamaze. Ukiingia ghalani wakati wa mavuno utaona jani juu ya kila tundu. Na lile povu jeupe juu ya mawimbi ni sistr ya Rozenn, haijamaliza kuchachuka mpaka leo. Mara mbili kwa siku bahari hukusanya hasira zake, huja mbio mpaka ukutani, hunusa matufaha, huinua mguu ipande. Halafu tumbo linaikumbusha.