Usiicheke Jezi Kavu

Usiicheke jezi kavu, mchezo haujaisha. Ndivyo mjomba wako alivyokuambia, wewe Sitta, nawe ukasonya, ukaitupa jezi sakafuni kama tambara la deki, eti kocha kakuweka benchi. Hebu kaa. Na huyo mwenzako akae pia. Vuteni ungo huo mmenye karanga, maana mdomo wangu hausemi bure. Mnaidhani methali hiyo ni ya wahenga wa kale? Wahenga gani! Mimi nilikuwepo ilipozaliwa. Ilizaliwa hapahapa Tabora, kwenye uwanja wa saruji wenye nyufa, siku tulipocheza fainali na Kigoma.

Mnanitazama nini? Mnadhani nilizaliwa na khanga mbili na maumivu ya mgongo? Mimi Kalunde nilikuwa mchezaji wa kikapu wa timu ya Nyuki, na kazi yangu ilikuwa kuuleta mpira mbele na kuugawa. Cheka, cheka tu. Karanga haziingii zenyewe kwenye bakuli.

Timu yetu ilikuwa na seti moja tu ya jezi, za njano, na tulikuwa na desturi yetu. Mchezo ukiisha, aliyetoka na jezi kavu anabeba beseni na kufua za wenzake wote. "Jezi kavu, beseni lako!" Ndivyo tulivyokuwa tukiimbiana. Waliotuanzishia hawakuwa na nia mbaya. Walisema asiyechoka amsaidie aliyechoka. Lakini jua la Tabora mnalijua. Ukitoka uwanjani ukakaa benchi robo moja tu ya mchezo, jezi imeshakukaukia mgongoni, unahesabiwa na wewe miongoni mwa wafuaji. Basi hakuna aliyekubali kutoka. Kila mtu alitaka kuanza, na aliyeanza alitaka kumaliza. Kocha akikuita upumzike unajitia kiziwi. Kuna dada mmoja, simtaji maana yuko hai na ana mdomo, aliwahi kujimwagia maji ya kunywa kifuani ili aonekane ametoka jasho.

Kocha wetu, Mwalimu Kapama, alikuwa mtu mpole, kila saa njiti ya kiberiti mdomoni. Alituachia tu. Watano walewale tukaanza, watano walewale tukamaliza, mechi baada ya mechi. Mwanzo tulikuwa tunawatandika watu, mwisho tunatafuta hewa kwa mdomo. Mwaka mmoja kabla ya hiyo fainali ninayowasimulia, Kigoma walituchukulia kombe hivyohivyo. Tuliongoza mpaka robo ya mwisho, halafu miguu ikakataa. Nililia mimi, nyie!

Sasa kwenye timu hiyo alikuwepo Milembe. Huyo ndiye aliyekuwa anafunga. Akirusha mpira, sisi tulikuwa tunageuka kurudi nyuma kabla haujafika, kwa kuwa tulijua umeingia. Tangu ajiunge na Nyuki alikuwa hajawahi kugusa beseni. Nyumbani kwao baba hakuwepo, kulikuwa na mama mgonjwa na wadogo zake, na wote walikula kwa miguu yake. Alfajiri alifunga madumu ya maziwa kwenye baiskeli, akazunguka mtaa kwa mtaa akiuza.

Kwenye nusu fainali akaanguka vibaya, goti likavimba kama papai. Mganga mkuu wa zahanati akalikandakanda, akamwambia mbele ya Mwalimu na mimi: "Limenyooka kidogo, lakini halijapona. Ukicheza, cheza kidogo sana. Ukilichosha, litakatika, na baiskeli utaiona kwa macho tu." Milembe akaitikia ndiyo, ndiyo, daktari. Tulipotoka mlangoni akaniambia, "Kalunde, fainali nacheza yote." Nikamwambia una wazimu. Akacheka.

Siku moja kabla ya fainali Mwalimu akatukusanya, akataja watano wa kuanza. Akanitaja mimi, akawataja watatu wengine, halafu akasema, "Na Nyamizi."

Nyamizi! Tukatazamana. Nyamizi alikuwa binti mwembamba, mkimya, ambaye mwaka mzima kazi yake ilikuwa kukaa benchi na kufua. Alizijua jezi zetu kuliko tulivyozijua wenyewe, hii imelegea mshono, hii ina doa la embe. Mwenyewe aliposikia jina lake aliangalia nyuma kama kuna Nyamizi mwingine.

Milembe akasimama. "Mwalimu, umenisahau?"

"Sijakusahau. Nakuweka akiba."

"Akiba anawekwa mtu? Akiba ni ya mahindi, Mwalimu! Basi nianze, halafu ukiona nachechemea unitoe."

Mwalimu akaitoa njiti mdomoni. "Nikutoe? Nani katika timu hii amewahi kutoka nilipomwita? Wewe ukishaingia, Milembe, sina kamba ya kukuvutia nje. Utakimbia mpaka goti likatike. Kwa hiyo utakaa. Nitakuingiza mwisho, na mwisho wenyewe nitauchagua mimi. Na nyinyi wengine, kesho nikimwita mtu atoke, atoke. Asiyetoka, timu hana."

Hatukuwahi kumsikia akisema hivyo. Milembe akaondoka bila kuaga.

Siku ya fainali uwanja ulifurika. Kigoma walikuja na treni, wamejaa mabehewa na ngoma zao, na walikuja na mchezaji wao tuliyemwita Mnara. Mrefu, jamani! Akisimama chini ya goli ni kama mtu anayeanika nguo kwenye kamba. Desturi yetu ya beseni waliijua, si wametucheka miaka yote. Walipomwona Milembe amekaa benchi amejifunika koti, wakatafuta beseni la bati, sijui walilitoa nyumba gani, wakaja kulitua mbele ya miguu yake. Halafu wakaanza kupiga makofi: "Jezi kavu! Jezi kavu! Beseni lako!" Na ubaya zaidi, watu wetu wenyewe wa Tabora wakaitikia. Wengine walikuwa wanamzomea Mwalimu, wengine wanamzomea Milembe eti kaogopa. Nilimwona anauma mdomo, machozi yanamtoka.

Mchezo ukaanza. Nyamizi akapewa Mnara amkabe. Watu wakacheka, sisimizi kupewa ng'ombe. Lakini yule binti aligandamana naye kama kupe. Mnara akienda kulia yupo, akienda kushoto yupo, akiruka anamkuta yuko kifuani pake. Hakumzuia kufunga, la hasha, Mnara alifunga sana. Lakini kila pointi aliitolea jasho. Na Mwalimu akaanza kututoa mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika, miguu yangu ilitaka kujitia kiziwi kama zamani, nikamwangalia usoni, nikatoka. Nikakaa karibu na Milembe. Jezi ikanikauka mgongoni, watu wakaniimbia na mimi, nikatamani ardhi ipasuke. Lakini niliporudi uwanjani, loo, kifua kimefunguka, naona uwanja wote.

Hata hivyo robo ya tatu ilipoisha Kigoma walikuwa wametuacha kwa pointi tisa. Mwenyekiti wetu, Mzee Kasuka, aliyekuwa na sauti ya kuuza ng'ombe mnadani, akateremka mpaka benchi.

"Mwalimu, mwingize huyo binti! Unangoja nini? Unangoja tuzikwe?"

"Bado, Mzee."

"Bado nini? Timu hii ni ya nani?"

"Timu ni yako, Mzee. Goti ni lake. Naomba uniache."

Milembe akavua koti, akasimama. "Mwalimu, naingia. Nimechoka kuchekwa."

Sote tukamgeukia Mwalimu. Nilidhani atamkaripia. Hakumkaripia. Alimwambia polepole, kwa sauti ya mtu anayeongea na bintiye: "Ukiingia sasa sitakushika. Robo nzima goti hilo haliwezi, na wewe unajua. Niambie kitu kimoja tu. Kesho maziwa atayabeba nani?"

Milembe akabaki amesimama. Akaangalia jukwaani, mama yake alikuwa amekaa pale, khanga amejifunika usoni, hataki hata kuona. Akaliangalia beseni. Akakaa. Alikaa analia, hakuficha, na mimi nikaingia uwanjani nalia vilevile, hata sijui nilikuwa namlilia nani.

Robo ya mwisho tukaanza kuwakuta. Wale wa Kigoma walikuwa watano walewale tangu mwanzo, wanafanya kosa letu la zamani. Mnara mikono iko magotini, anavuta pumzi. Tisa ikawa saba, saba ikawa tano. Halafu mwamuzi akapuliza filimbi: Nyamizi, faulo ya tano, nje. Kigoma wakashangilia, ngoma zikalia, na ule wimbo ukarudi, "Jezi kavu! Jezi kavu!" maana waliona ni nani atakayeingia.

Ndipo Nyamizi, yule mkimya, ambaye tulikuwa hatujui sauti yake ikoje, akasimama ukingoni jezi imemganda kwa jasho. Akawageukia watu wote, wa Kigoma na wa kwetu, akapaza sauti: "Msiicheke jezi kavu! Mchezo haujaisha!" Akamshika Milembe mkono, akamvutia uwanjani. "Nenda, dada. Mnara nimekuchoshea."

Zilikuwa zimebaki dakika chache tu. Milembe aliingia, wanangu, kama mtu aliyefunguliwa mlango. Sisi wote tulikuwa tumelowa, yeye mkavu, miguu myepesi, pumzi imetulia. Nikampa mpira wa kwanza, akarusha, nikageuka nyuma kama zamani. Umeingia. Wa pili, umeingia. Mnara alimfuata mara moja, mara ya pili akabaki anamtazama tu. Tukawa nyuma kwa pointi moja. Mwalimu anatafuna njiti, Mzee Kasuka kafumba macho. Nikauleta mpira, nikajifanya naupeleka kulia, nikampa yeye kushoto. Hakukimbia. Alisimama palepale, akaruka kidogo tu, kwa mguu mzima, akauachia. Filimbi ya mwisho ililia mpira ukiwa bado juu, ukaja, ukagonga chuma, ukazunguka, ukaingia.

Uwanja ukalipuka. Lakini Milembe aliposhuka, alikaa chini. Akakaa pale kwenye saruji, mikono ameshika goti. Nawaambia ukweli, kelele zote zilinitoka masikioni. Hakuna aliyelitazama kombe. Mwalimu alikimbia, mtu ambaye hata kwenye mvua hakimbii, akapiga magoti mbele yake.

"Goti? Milembe, goti?"

Akainua uso. Alikuwa anacheka, machozi yamejaa. "Goti zima, Mwalimu. Nimelishika kulishukuru tu."

Mwalimu akakaa chini palepale, akapumua pumzi ndefu, akacheka peke yake kama mwendawazimu. Mama Milembe naye akapiga kigelegele ambacho sijasikia kingine kama hicho hadi leo. Jamani, raha ile! Nilihisi kama mzigo wa kuni umetuliwa kichwani kwangu.

Sasa ikabaki desturi. Jezi zafuliwa na nani? Tukaangaliana, tukajishika migongo, hakuna jezi hata moja iliyokuwa kavu, maana robo hiyo ya mwisho kila mtu alicheza. Hata ya Milembe ilikuwa imelowa kwa zile dakika chache. Tukaanza kucheka. Milembe akaenda moja kwa moja mpaka kwenye lile beseni la Kigoma, akalichukua, akalitia kichwani.

"Leteni jezi zenu," akasema. "Nyamizi amenifulia mwaka mzima. Leo za kwake nafua mimi."

Akafua kweli, kwenye kisima cha karibu na uwanja, na sote tukakaa kumsuuzia. Mzee Kasuka alipita akasimama, ile sauti yake ya mnadani imekwisha kabisa. Akatutazama, akasema taratibu, "Kweli, usiicheke jezi kavu." Nyamizi akamalizia, "Mchezo haujaisha." Basi kesho yake sokoni mtu akidharauliwa anasema hivyo, na mpaka leo mnasema bila kujua.

Haya, nyamazeni kidogo. Mnaisikia kengele hiyo barabarani? Nani huyo? Ndiyo, Bibi Maziwa, anayetuletea kila siku na ambaye wewe, Sitta, juzi ulimsema kwamba ana baiskeli ya mkoloni. Mwangalie anavyokipanda kile kilima bila kushuka, na umri ule. Mwangalie goti hilo vizuri. Lilikaa benchi robo tatu na zaidi likazomewa na Tabora nzima, ndiyo maana wewe umekua kwa maziwa yake.

Unatoa macho? Ndiyo, ndiye Milembe. Hebu kampokee dumu, na umwamkie kwa adabu. Halafu ukaiokote jezi yako pale sakafuni, uikung'ute, uikunje. Kesho kocha akikuweka benchi, kaa na uangalie mchezo, ili akikuita uwe tayari. Usiicheke jezi kavu, mjukuu wangu, mchezo haujaisha.