Kwa Nini Neno Haliachwi Peke Yake

Sogeeni karibu, na mwenye kukohoa akohoe sasa amalize. Habari hii ni ya siku ambazo jina lilikiita kitu chenyewe. Ukisema "kuku," kuku anakuja mbio, hata kama alikuwa anaatamia. Ukisema "mvua," umelowa. Kulikuwa na bwana mmoja aliyemtaja mama mkwe wake kwa hasira. Mama akatokea mlangoni na mzigo kichwani, akakaa miezi mitatu.

Kwa hiyo watu walizungumza kwa kukwepa.

"Nipe kile."

"Kipi?"

"Kile cha kusongea."

"Si ukitaje!"

"Nikitaje, vijae nyumba?"

Majina ya vitu vizuri yalitajwa kwa kipimo. Ya vitu vibaya hayakutajwa kabisa. Mtu alionyesha kwa vidole tu, na waliomwona wakatimua mbio.

Mbodze aliolewa huko akitokea ng'ambo ya vilima, kwenye lugha nyingine kabisa. Wifi yake, Mize, ndiye aliyemfundisha kusema. Desturi ya kufundisha ilikuwa hivi: mwalimu ananong'ona, maana mnong'ono hauiti kitu, halafu mwanafunzi anarudia kwa sauti mara tatu. Siku ya "kinu" vilitua uani vinu vitatu, na nyuma yake wakaja majirani watatu wenye michi mikononi, wanataka maelezo. Mize alicheka hadi akakaa chini.

Lakini ishara moja ilimnyima Mbodze raha. Mtu akijidonoa mkono kwa kidole, hapa na hapa na hapa, wanawake walinyakua watoto na kufunga milango, naye alikuwa wa mwisho kukimbia. Sasa alikuwa amejifungua. Binti yake alikuwa na siku thelathini na moja, hajapewa jina, kwa kuwa watoto walipewa jina siku ya arobaini. Mbodze aliogopa kwamba siku moja atachelewa naye mgongoni.

Adhuhuri moja, mtoto amelala kwenye mkeka uani, Mbodze akajidonoa mkono. "Wifi, hii ni nini?"

Mize akaacha kucheka. "Hiyo haisemwi."

"Nisipoijua nitaikwepaje? Itaniponyoka mdomoni siku moja, halafu mnilaumu."

"Usiniponze, wifi. Muulize kaka yangu."

"Kaka yako nikimuuliza anakimbia."

Hilo lilikuwa kweli. Mize akatazama kushoto, akatazama kulia, akamnong'oneza sikioni. Akasahau kumwambia asirudie.

"Chui!" akasema Mbodze, mwanafunzi hodari. "Chui!"

Ya tatu Mize aliizima kwa kiganja.

Ua likatulia. Kisha majani ya uzio yakapasuka polepole, akaingia mmoja, mabega yakipanda na kushuka, kama mgeni aliyealikwa. Mwingine alikuwa ameshafika kwenye ncha ya mkeka. Akainamisha kichwa, akanusa unyayo wa mtoto.

Angekuwa na jina, mama angemwita akaja mikononi. Hakuwa nalo. Akisema "mtoto," watoto wote wa kijiji wangemiminika uani, katikati ya meno yale.

"Mbwa!" akapiga kelele Mize. Mbwa akafika, akaona, akaondoka upesi kuliko alivyokuja. "Mkuki!" Mkuki ukaanguka miguuni pake, naye hajawahi kushika hata fimbo ya kuswagia mbuzi.

Neno lilikuwa limetoka tupu, na sasa linamnusa mwana wa Mbodze. Hakuna aliyewahi kulitaja jina baya mara ya pili ili kulirekebisha. Wenyeji waliogopa mno kujaribu. Mgeni hakujua kwamba haijaribiwi. Akakusanya maneno machache aliyokuwa nayo, akalizungushia.

"Chui amelala," akasema.

Wote wawili wakalala palepale. Yule wa mkekani akajinyoosha ubavuni mwa mtoto, akaweka kidevu juu ya tumbo lake dogo. Kidevu kikapanda na kushuka kwa pumzi ya mtoto.

Mize akazimia.

"Chui ameamka," Mbodze akanong'ona, kisha akakumbuka kwamba mnong'ono haufiki, akalazimika kusema kwa sauti, machozi yakimtiririka. "Chui ameamka. Chui ameshiba. Chui amekwenda mbali, mbali kule. Chui harudi."

Wakaamka. Wakajilamba kama waliokula. Wakapita mlangoni mmoja baada ya mwingine, na Mbodze akabaki ameduwaa, hathubutu kufunga mdomo, akirudia "mbali, mbali" hata baada ya majani kutulia, hata baada ya mtoto kuwa mikononi mwake.

Na tangu siku hiyo, anayefundisha neno halitoi tupu. Analisema, anaeleza maana yake, kisha analitungia sentensi ya mfano, ili lijue pa kukaa. Mbodze mwenyewe aliyatungia mengi: moto, simba, nyoka. Lilipofika neno "kifo" alikaa kimya tangu asubuhi hadi jioni, mwanawe mapajani, wanafunzi wakimtazama. Kwa hiyo mkimwona mwalimu ameinua macho juu, anatafuta mfano, msimharakishe.