Tarehe Iliyofunikwa na Fremu

Wapendwa, leo nataka mtoke hapa mkiwa mmepumua, kwa hiyo nisikilizeni.

Kulikuwa na mama mmoja, mtaalamu wa kompyuta hospitalini. Kazi yake ilikuwa kulinda mafaili ya wagonjwa yasiguswe na wezi wa mtandaoni, na cheti chake cha kazi hiyo kilidumu miaka mitatu tu. Siku alipokipata alifanya nini? Alifanya kama mimi na wewe. Akakitia kwenye fremu ya dhahabu, akakitundika sebuleni. Ukingo wa fremu ukafunika mstari wa chini, ule wenye tarehe ya mwisho. Wageni walisoma jina lake wakampongeza. Tarehe hakuna aliyeiona, hata mwenyewe akaisahau.

Jumatano moja mkuu wake akamwita. "Mama, wakaguzi wanakuja Jumatatu. Cheti chako kikiwa kimekwisha muda, sina namna, itabidi nikuondoe."

Akarudi nyumbani mbio kuangalia cheti. Mumewe akamtania, "Si kile pale? Kila wiki nakifuta vumbi." Mama hakucheka. Akabandua fremu kwa kisu cha jikoni. Cheti kilikuwa kinakwisha Jumapili ya wiki ile ile. Akakaa sakafuni akalia kwa furaha. Siku nne si haba, jamani.

Akasoma kama mwanafunzi, Jumamosi akafanya mtihani wa kupata cheti kipya, akafaulu. Siku hiyo ndiyo akala akashiba.

Jumatatu mkuu akamwambia, "Hongera. Basi, yamekwisha."

"Bado, bosi. Lile kufuli nililoweka kwenye kompyuta zetu miaka mitatu iliyopita, juzi nikisoma nimegundua wezi wa siku hizi wanalifungua. Nipe nusu saa nilibadilishe."

Yeye na mkuu wakakagua kompyuta kwanza. Hakuna mwizi aliyekuwa ameingia. Mkuu akashusha pumzi.

Mnaona? Sisi tulidhani shida ni karatasi, kumbe ni kufuli lililozeeka. Ndugu zangu, tuliookoka zamani, ushuhuda wetu tunaujua kwa kichwa, mwaka na hata wimbo ulioimbwa. Sawa. Lakini imani ya mwaka ule inatosha kwa majaribu ya wiki hii? Mara ya mwisho uliomba lini, si hapa, nyumbani? Na yule ndugu yako uliyemnunia, mmesemezana?

Mama yule siku zake ziliandikwa kwenye cheti. Zetu nani amezisoma? Ila leo umeamka, umekaa kwenye benchi hilo, na Mungu hajakuchoka. Mimi hilo linanipa raha kweli. Basi ukifika nyumbani, kabla hujagusa chakula, mpigie simu ndugu yako.