Kipaza Sauti cha Mkwizu

Hapo zamani, si ile ya majini na wafalme, zamani ya juzijuzi tu, gulio la Kwamhafa lilikuwa na mwuza chumvi aitwaye Mkwizu. Msibishe: akikohoa dukani, punda wa mlima wa pili walisimama. Akagombea, akawa diwani, diwani asiye na rafiki barazani. Wenzake wakisema ndiyo, yeye hapana. Wakisema hapana, yeye anauliza, "Kwa nini?" Wakamzimia umeme akihutubia, akanunua kipaza sauti cha betri.

Akafa. Siku hiyo hata wachinjaji walifunga mabucha. Aliacha neno moja: "Kipaza sauti changu apewe aliyenipa sauti."

Sasa, Alhamisi iliyofuata baraza lilikuwa likae kuamua kulihamishia gulio kinamasini, na wafanyabiashara waliruhusiwa msemaji mmoja tu. Wakakubaliana: atakayepewa kipaza sauti ndiye atakayesema.

Bi Nakiete, mjane wake, alikuwa amekipakata. Kilikuwa bado kinanuka ugoro wa marehemu. Duka sasa lilikuwa lake, na chumvi kinamasini ingeyeyuka kabla ya adhuhuri.

"Cha kuulizana nini?" alisema. "Mume wangu nilimkuta na kigugumizi. Mteja akiuliza bei, jibu linatoka mteja keshafika kwake. Miaka miwili nilimpeleka bondeni kila alfajiri, anawanadia mbuzi chumvi. Mbuzi wanasikiliza, mimi nasikiliza. Ulimi ule niliufungua mimi."

Akadakia Sangiwa, mwenye duka la mkabala, hasimu wa marehemu miaka thelathini. "Ulifungua, shemeji, sikatai. Makali nilitia mimi. Kila asubuhi nilimtukana kutoka kibarazani kwangu, na hakuna siku aliyorudia jibu! Na baraza lilipomfukuza ukumbini, alihutubia juu ya paa la nani? Langu. Mpaka leo linavuja."

"Ulimpandisha ukiomba aanguke!"

"Niliomba sana. Lakini ngazi ilikuwa yangu."

Watu wakacheka, hata mjane akaficha uso kwa khanga. Hapo akasimama Namkunda, mwuza mihogo.

"Pole, dada. Mimi nilimpa la kusema. Chumvi niliyonunua kwake niliipima zahanati, kwenye mizani ya watoto wachanga. Ikapungua. Nikamnong'oneza, 'Mzee, jiwe lako la chuma la kilo limeliwa na kutu, unatuibia.' Nikangoja kofi. Yeye akapanda juu ya gunia, gulio limejaa, akaita, 'Jamani, mimi mwizi! Leteni vibaba vyenu niwajazie!' Hotuba yake ya kwanza ile. Ndiyo iliyompa udiwani. Watu walisema wezi tunao tele, wa kujitaja ni huyu peke yake."

Bi Nakiete akakigeuza kipaza sauti mikononi. Aliikumbuka siku ile: mume alirudi sauti imemkauka, akala wali sahani mbili, akacheka peke yake mpaka akapaliwa. Alipoulizwa, alisema tu, "Leo nimesema, mama." Na yeye miaka yote alidhani ni kazi ya mbuzi.

Alhamisi ikafika. Karani wa baraza akatoka mlangoni. "Msemaji wenu nani?"

Kipaza sauti kimoja, mikono mitatu imekishika, na hakuna anayeachia.

Haya, nyie mnaotafuna karanga zangu bure, karani anangoja: aliyeufungua ulimi, aliyeunoa, au aliyeupa la kusema? Je, nani alistahili?